Kabla ya Kujibu "Salama": Mwanzo wa Kitabu cha Safari, Ukitazamwa Kutoka Mpui

Basi litokalo Tunduma likisimama Mpui, abiria anayeshuka na begi lake hupokelewa kwa swali linaloulizwa katika kila kituo cha Tanzania: "Za safari?" Naye hujibu kwa neno moja, "Salama." Akijitahidi sana ataongeza, "Tunamshukuru Mungu." Yamekwisha. Huenda ametoka Lusaka na amelala mpakani usiku mzima kwa sababu ya karatasi moja iliyokosa mhuri. Huenda ametoka Dar es Salaam na jirani yake wa kiti amemsimulia ndoa yake yote, kuanzia Morogoro hadi Makambako, bila kupumzika. Yote hayo yamemezwa na neno salama, na mlango umefungwa.

Ndivyo adabu inavyotaka. Mtu hamwagi taabu zake barabarani kabla hajanawa uso. Shida huja pale mtu huyohuyo anapoamua kuandika kitabu cha safari zake, akanunua daftari kubwa, akakaa mezani jioni, na jibu la kituoni likamfuata hadi kwenye karatasi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukafika saa mbili usiku. Safari ilikuwa nzuri. Kurasa tatu, nne, kisha daftari linahamia kwa mtoto wa shule alimalizie kwa hesabu.

Kwa nini kuanza kunakuwa kugumu hivyo, na walioweza walianzia wapi? Swali si la Mpui peke yake, lakini Mpui ni mahali pazuri pa kuliulizia. Ni mji mdogo wa wilaya ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye barabara kuu inayounganisha Sumbawanga na Tunduma. Wanaopita ni wengi kuliko wanaoshuka. Mtu aliyekulia hapo ameona maelfu ya safari za watu wengine kabla ya kuanza ya kwake.

Kwanza iondolewe dhana kwamba kitabu cha safari ni jambo la kigeni kwa Mswahili. Mwaka 1901 kilichapwa Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Ndani yake wamo Selemani bin Mwenye Chande, aliyesimulia safari ya biashara barani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Na Salim bin Abakari, Mkomoro aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Mswahili aliandika habari za theluji ya Siberia kwa lugha yake mwenyewe zaidi ya karne moja iliyopita! Wanaosema lugha hii haina mapokeo ya maandishi ya safari hawajafungua kabati.

Ila kabati likifunguliwa, tatizo la daftari la Mpui linaonekana humohumo. Sehemu kubwa ya masimulizi hayo imejengwa kwa mwendo wa kambi: tukaondoka, tukalala, tukatoa hongo, tukaondoka tena. Kiambishi cha -ka- ni injini nzuri ya usimulizi wa Kiswahili. Kinasukuma hadithi mbele bila kuhitaji "halafu" wala "baadaye". Lakini injini hiyo haina breki. Ikiachwa peke yake, kifo cha mpagazi na kununuliwa kwa kuku vinapata uzito sawa, kwa sababu vyote huja na -ka-. Anayeanza leo hujikuta ndani ya mkondo huohuo bila kujua. Akitaka kujinasua, dawa imo ndani ya sarufi ileile. Mahali panapostahili kusimama, aiache -ka- na kutumia -ki- na kitenzi cha kuwa: mvua ikinyesha, dereva akiwa chini ya gari, abiria wakigawana mahindi ya kuchoma. Hapo msomaji naye anasimama.

Zaidi ya sarufi, kuna jambo la msomaji. Wale mabwana walimwandikia nani? Aliyewaomba ni Velten, na chuo alichofundisha kilikuwa kikiwaandaa, pamoja na wengine, maofisa wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo msomaji wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Kijerumani aliyetaka kujifunza lugha na kuijua nchi. Msomaji wa namna hiyo anahitaji majina ya vituo, desturi na bei. Hahitaji kuelezwa mtu alijisikiaje alipoliona jiko la mama yake baada ya miaka miwili, na wala hakuuliza.

Hata hivyo maandishi yale hayakufa. Wachambuzi wameonyesha kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliyachota alipoandika riwaya ya Paradise ya mwaka 1994. Safari ya barani iliyomo katika riwaya hiyo inafuata kwa karibu simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande. Alichoongeza Gurnah ni kile ambacho Velten hakukiuliza: hofu, aibu, na macho ya kijana asiyejua kwa nini yuko njiani. Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Simulizi iliondoka katika Kiswahili, ikazunguka Ujerumani na Uingereza, ikarudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya mia.

Hilo linaleta hoja ambayo makala haya yanaisimamia. Anayeanza kitabu cha safari hudhani swali la kwanza ni "nilikwenda wapi?" Swali lenye faida zaidi ni "namsimulia nani?" Na jibu lenye manufaa, kwa ushahidi wa vitabu vilivyodumu, ni mtu aliyebaki nyumbani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Martin Kayamba. Mwaka 1931 karani huyo wa serikali kutoka Tanga alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo peke yake ni somo la uandishi. Kwanza kuna tu-: Kayamba hakwenda peke yake, na anajua kwamba nyuma ya watu watatu kuna wengine wanaongoja habari. Pili kuna vitenzi viwili. Kuona peke yake ni kazi ya mtalii. Kufanya ni kazi ya mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hana budi kurudisha majibu. Anayekwama kwenye ukurasa wa kwanza hatakosea akijaribu kuandika jina la kitabu chake kwa mtindo huo, aone kama ana kitenzi cha pili. Wengi watagundua kwamba waliona tu, na hapo watajua kwa nini kalamu haiendi.

Miaka 29 kabla ya Kayamba, Ham Mukasa alifuatana na Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kagwa wa Buganda kwenda kushuhudia kutawazwa kwa Mfalme Edward VII mwaka 1902. Sherehe iliyopangwa Juni ikaahirishwa hadi Agosti kwa sababu mfalme aliugua, na wageni wakabaki London na siku tele za kutazama watu. Kwa mwandishi hiyo ilikuwa bahati. Mukasa aliandika kwa Kiganda, na kila jambo geni alilipima kwa kipimo cha Uganda. Msomaji wake hajawahi kuona meli kubwa, kwa hiyo haitoshi kusema ni kubwa. Ni kubwa kama nini? Kulinganisha huko si pambo. Ndiko kunakoonyesha msomaji yuko wapi na msimulizi amesimama wapi. Kitabu kilitafsiriwa na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1904, na Waingereza wakajisoma wakiwa wamepimwa kwa vipimo vya Buganda.

Sasa turudi Ufipa. Ni nchi iliyoandikwa na wapita njia zaidi kuliko ilivyoandikwa na waliowapokea. David Livingstone alipita miezi ya mwisho ya mwaka 1872 akielekea kusini kwenye mauti yake. Mwaka 1873 mwili wake ukapita tena, safari hii ukielekea kaskazini, umebebwa na watu wake: Susi, Chuma na wenzao, kwa njia ya juu ya uwanda, mbali na vilima vya kando ya Ziwa Tanganyika vilivyowatesa safari ya kwanza. Mwaka 1880 akaja Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 22, mkuu wa msafara wake akiwa Chuma yuleyule. Akaliona Ziwa Rukwa, akaliita Leopold. Jina hilo halikushika. Ziwa lilikuwa na la kwake.

Miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa India. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Chitambo, Livingstone alipofia, na ndiye aliyesindikiza jeneza hadi London, ambako alikuwa mmoja wa waliolibeba Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Njia nzima aliandika shajara. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mapema, miaka ileile ya 1870, lakini andiko lenyewe la Kiingereza liliwekwa hadharani kwa ukamilifu mwaka 2019 tu. Wainwright alikuwa amefariki Urambo tangu 1892. Kwa zaidi ya karne, habari za msafara ule zilijulikana hasa kupitia kitabu kilichohaririwa na Mwingereza aliyekuwa kwao wakati wapagazi wakitembea. Ukitaka sababu ya kuanza kuandika mwenyewe, na mapema, hiyo inatosha.

Lakini je, wenyeji wa uwandani hawakuwa na masimulizi yao ya safari? Walikuwa nayo, ila wameyaanzia upande mwingine. Simulizi kubwa ya Ufipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliikusanya katika miaka ya 1960 na kuichambua katika vitabu vyake, inahusu Milansi, makao ya kale ya ufalme. Mfalme alikwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe asimpe mgeni yeyote kiti cha enzi. Wakatokea wanawake watatu wasafiri, wametoka mbali. Mwenyeji akawatolea kile kiti. Mfalme aliporudi alikuta utawala una wenyewe wapya, ukoo wa Twaci, na yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya ukongwe. Kutoka ukoo huo zikaja kuwako dola mbili: Nkansi, na Lyangalile upande wa kusini.

Hadithi hiyo ni ya safari, lakini barabara haionekani ndani yake. Wanawake wale walikula nini njiani, walivuka mito gani, hatuambiwi. Simulizi inaanza mlangoni, pale mgeni anapoomba kiti. Inatazama safari kwa macho ya anayepokea, na inajua kwamba kila anayefika anabadilisha kitu katika nyumba aliyofikia, hata kama nia yake ilikuwa kupumzika tu. Vitabu vya wapita njia havina jambo hilo. Thomson anatuambia alichoona. Waliomwona Thomson walisema nini jioni ile baada ya hema kufungwa, hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo mwandishi wa Mpui anapowazidi wote. Anazijua pande mbili. Amekuwa mwenyeji kwa miaka mingi, na siku alipopanda basi akawa mgeni. Sura ya kwanza yenye nguvu inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa: fundi aliyekuja na kampuni ya barabara akaoa papo hapo, mfugaji wa Kisukuma aliyepita na ng'ombe akielekea bonde la Rukwa, mwalimu wa ajira mpya aliyelia usiku wa kwanza kwa baridi ya Juni. Baada ya kumwandika mgeni kwa haki, mtu hujifunza jinsi yeye mwenyewe alivyoonekana alipokuwa mgeni mjini Mwanza au Muscat.

Kuna mtego mmoja ambao mwandishi wa Ufipa lazima autaje kwa jina lake: uchawi. Mtanzania yeyote akisikia Sumbawanga hucheka kidogo na kuuliza habari za radi za kichawi. Jina la mji lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", yaani mgeni aliyekuja nao auache hapo. Ni tafsiri inayoushutumu uchawi, lakini masikio ya nchi yamegeuza maana ikawa sifa ya mji. Mwandishi anayeanza hushawishika kufungua kitabu kwa kisa cha radi iliyopiga mtu mchana kweupe, maana anajua kitasomwa. Kitasomwa kweli, na msomaji atafunga kitabu akijua kile alichokuwa anakijua. Si kwamba jambo hilo lisiandikwe. Watu huliogopa, hulizungumza, na wakati mwingine limewaumiza wasio na hatia. Lakini likikaa mlangoni, hakuna kingine kitakachopita: wala matuta ya mviringo ambayo Wafipa wameyalima kwa vizazi wakifukia majani yageuke mbolea, wala mabaki ya tanuu ndefu za udongo walizoyeyushia chuma, zilizopita kimo cha mtu, wala upepo wa uwanda usio na miti ambao hauna habari na mchawi yeyote.

Mtego wa pili ni utalii. Vipindi na matangazo vimewazoesha watu kwamba safari ni kwenda mahali penye jina. Basi kijana wa Mpui huona hana cha kuandika mpaka afike maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200 mpakani mwa Zambia, au aione MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa katika vita mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927. Vyote viwili vinastahili kuandikwa. Ila vimeandikwa, tena sana, na atakayeviandika tena atashindana na kila kamera iliyowahi kufika.

Wakati huohuo safari zilizoujenga ukanda huu hazijaandikwa vya kutosha na waliozisafiri. Kuna manamba waliochukuliwa kutoka mikoa ya magharibi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine waliovuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Zambia. Kuna wakimbizi wa Burundi waliofika baada ya mauaji ya 1972 wakapangiwa Katumba na baadaye Mishamo, sehemu iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa mpaka Katavi ilipozaliwa 2012. Watoto na wajukuu wa watu hao wapo. Baadhi yao wamekaa miaka hamsini wakijibu "salama".

Mmoja wa wasafiri wa namna hiyo aliandika. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, katika Mali ya leo, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa, akanunuliwa na Mapadri Weupe huko Algeria. Wakamsomesha utabibu Malta, naye akafika Karema, kwenye mwambao wa Tanganyika, mwaka 1889. Akatibu watu hapo hadi alipofariki 1956. Maelezo ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe akiwa mzee wa miaka ipatayo 80, yalichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Ni vigumu kumpata mtalii aliyefika ukanda huu kwa njia ndefu kama yake, na hakuna hatua hata moja ya mwanzo aliyoichagua mwenyewe. Safari isiyochaguliwa nayo ni safari. Pengine ndiyo inayohitaji kitabu zaidi.

Umri wa Atiman unaibua suala la kumbukumbu. Anayeanza husema, "Nimesahau mengi." Ni kweli, na si yeye wa kwanza. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, lakini kitabu chake alikisimulia kwa katibu, Ibn Juzayy, huko Fez hadi mwaka 1355. Katibu huyo aliziba mapengo kwa kuchota kurasa za msafiri aliyetangulia, Ibn Jubayr. Wanahistoria wanaendelea kutenganisha la huyu na la yule. Tippu Tip naye aliandika maisha yake akiwa Zanzibar, amepita miaka 60, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Inapendeza kuona alipoanzia. Mtu aliyetawala njia za pembe hadi Kongo anaanza na safari ndogo ndogo za utotoni, akiwa na miaka 12, akichuuza sandarusi pamoja na jamaa zake. Hakuanza na vita wala na kukutana kwake na mvumbuzi Stanley. Kwa mtu mwenye mambo makubwa namna ile, kuanza na mzigo mdogo ni busara ya msimulizi, na anayeanza leo anaweza kuiazima bila aibu.

Tofauti ni kwamba wa leo ana ushahidi ambao Ibn Battuta hakuwa nao, na anautembeza mfukoni. Simu inahifadhi picha zenye tarehe na saa. Ujumbe wa miamala ya M-Pesa ni shajara kamili: siku hii, saa hii, ulimtumia mama shilingi elfu ishirini ukiwa njiani, usiku wa manane ulinunua muda wa maongezi, kwa hiyo hukulala. Sauti ulizorekodi kwa WhatsApp kumwambia mdogo wako kwamba basi limeharibika Chimala zina pumzi yako ya wakati ule, na kelele za abiria nyuma. Kabla ya kuandika sentensi moja, mtu apange vitu hivyo kwa tarehe. Mara nyingi atagundua kwamba safari aliyodhani ilikuwa ya siku mbili ilikuwa ya nne, na kwamba siku mbili zilizopotea ndizo kitabu chenyewe.

Pale ushahidi unapokwisha, mwandishi aseme. "Sikumbuki jina la yule mama, ila nakumbuka alivyofunga kanga" ni sentensi ya kuaminika kuliko mazungumzo ya kurasa mbili yaliyotungwa neno kwa neno baada ya miaka kumi. Mazungumzo ya kutunga ni ugonjwa wa tawasifu nyingi za siku hizi. Watu wote ndani yake huongea kama mwandishi.

Na ukubwa? Hapa ushauri ni mfupi. Anayeanza asianze na maisha yake yote wala na bara zima. Kutoka Sumbawanga kushuka Muze, bondeni, ni safari ya asubuhi moja. Mtu anaondoka na sweta kwenye uwanda wenye urefu wa mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, anapita ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na anafika akitokwa jasho karibu na ziwa lililo kwenye mita 800 hivi. Hali ya hewa imebadilika, mazao yamebadilika, hata mwendo wa watu umebadilika, na nauli ni ndogo. Anayeshindwa kuijaza sura moja kwa safari hiyo hatasaidiwa na tiketi ya ndege.

Adam Shafi ameonyesha jinsi kipande kimoja cha maisha kinavyotosha kitabu. Mbali na Nyumbani, kilichotoka 2013, ni simulizi ya safari yake ya ujana, alipoondoka Zanzibar na kupanda kaskazini akiota kwenda kusoma Ulaya. Aliyeandika Kuli na Vuta N'kuvute angeweza kutoa tawasifu ya ukoo, siasa na vitabu vyake. Alichagua njia. Alikuwa amepita miaka sabini kitabu kilipotoka, na kijana wa ndani ya kitabu bado ana haraka, bado hajui. Uwezo huo wa kumwacha kijana asijue kile ambacho mzee anakijua ni mgumu kuliko kukumbuka majina ya miji.

Kuhusu soko, hali si ya kutia moyo sana. Wachapishaji wengi wa Kiswahili huishi kwa vitabu vya shule, na kitabu cha safari hakina rafu yake katika mitaala. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imekuwa na upana zaidi na inataja kumbukumbu za maisha kati ya maandishi inayoyapokea. Huo ni mlango mmoja. Kwa kuanzia unatosha, kwa kuwa asiye na mswada hana haja ya milango miwili.

Limebaki jambo moja la Mpui yenyewe. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 223, ilipata lami kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani zilitia saini Februari 2008, na vipande vyake vikajengwa katika miaka iliyofuata. Kabla ya hapo ilikuwa ya udongo. Masika yakikolea, malori yalikwama, abiria walishuka kusukuma, na safari ya siku moja ikawa ya kulala njiani na watu usiowajua. Kijana aliyezaliwa Mpui baada ya lami haijui barabara ile. Wanaoijua ni madereva, makondakta na utingo wa zamani, wachuuzi waliouza chai kwa magari yaliyokwama, na akina mama waliowahi kujifungua kabla gari halijafika hospitali. Wengi wao wangali hai, na si wazee sana. Anayetafuta sura ya kwanza awafuate wao kwanza. Awaulize, "Za safari?" Wakimjibu "Salama", asiondoke. Aombe kiti.